Injini Ikipoa Huficha Ugonjwa

Injini ikipoa huficha ugonjwa. Mmemsikia Mama Tumpe pale barazani akiwaambia hivyo wale ndugu wawili waliotaka kesi yao iahirishwe mpaka hasira ziishe, nanyi mkaniuliza injini imeingiaje kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba. Kaeni basi. Methali hii ilizaliwa uwanja wa mpira, na ilianza hivi.

Huku kwetu Rungwe mvua haina adabu, na nyasi huota kana kwamba zimetumwa. Ndiyo maana kata yetu ilipopata mashine ya kufyekea nyasi, ile yenye kiti na usukani kama trekta dogo, watu waliipokea kwa vigelegele kama bibi harusi. Dereva alichaguliwa Sekela, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi. Aliipenda kazi ile kupita kiasi. Akikaa kwenye kile kiti, hata mbuzi walimpisha.

Kisha mashine ikaanza visa. Asubuhi iliwaka mara moja na kufyeka vizuri. Lakini Sekela akiizima kidogo ili aondoe mawe njiani, haikuwaka tena. Alipiga stata mpaka betri ikalegea. Naye alifanya kama tulivyozoea sote: kilichochoka hupumzishwa. Aliisukuma kando, akaifunika injini kwa majani ya mgomba, akamwita Fundi Lusajo.

Lusajo alikuwa fundi hodari, ila alikuwa na mwiko wake: injini ya moto hakuigusa. "Ipoe kwanza," alisema, akamalizia chai yake taratibu. Akifika, anapiga stata, mashine inanguruma papo hapo. Alibadilisha plagi, akaosha kabureta, akaondoka akicheka. Kesho yake, yale yale.

Maneno yakaanza. Mashine ni nzima, wakasema, dereva ndiye mbovu. Mwenyekiti wa uwanja, Mzee Ambakisye, akamwita Sekela.

"Binti yangu, fainali ni Jumamosi. Nyasi zisipokatwa, mechi inahamia kwa wapinzani wetu. Kesho Ijumaa ikikushinda, kiti nampa mwingine."

"Nimesikia, baba," Sekela alijibu, akatoka nje akalia.

Machozi yalipokauka, alimkumbuka mwanawe. Mtoto yule alichomwa na homa kila jioni, lakini asubuhi akifikishwa zahanati alikuwa anacheza, wakamwona mzima. Ugonjwa ulionekana siku alipombeba mgongoni hadi zahanati akiwa bado anachemka. Kwa nini mashine iwe tofauti?

Ijumaa alimfuata fundi kwake.

"Fundi, leo sikuiti. Leo unatembea nyuma yangu mpaka igome."

"Dada Sekela, nifuate mashine kama ndama?"

"Kama ndama. Na ikigoma, hakuna chai."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu kumwona fundi mzima akifuata mashine kwenye nyasi zenye umande. Walipokaribia nusu ya uwanja, Sekela akaizima, kisha akapiga stata. Haikuwaka.

"Haya, tuipumzishe," fundi akasema, macho tayari yakitafuta mgomba.

"Ukiipumzisha itatudanganya tena! Ipime sasa hivi, ingali inaumwa."

Lusajo akajifunga kitambaa mkononi, akauvunja mwiko wake. Akatazama mafuta: yalikuwa yanashuka vizuri. Akachomoa plagi, akaigusisha kwenye chuma, Sekela akapiga stata. Hakuna cheche.

"Lete maji!" fundi akapaza sauti. Sekela akavua kilemba chake, akakichovya ndooni. Fundi akakibandika juu ya koili, kile kidude kinachoipa plagi umeme, wakangoja kidogo. Stata tena, na cheche ikaruka, ya buluu.

"Mwizi ndiye huyu!" Lusajo aliruka kama mtoto. "Koili! Ikipata joto inakufa, ikipoa inafufuka!"

Nyuma ya ghala palikuwa na mashine kuukuu ya aina ileile, iliyokufa gia. Fundi akaifungua koili yake, akaifunga kwenye hii, akapima nafasi kati yake na gurudumu la injini kwa unene wa kadi ya harusi aliyokuwa nayo mfukoni. Sekela akarudi kazini. Mbele ya Mzee Ambakisye akaizima makusudi, injini ikiwa moto wa kuunguza, akapiga stata. Ikawaka. Akaizima tena. Ikawaka tena! Uwanja mzima ukalipuka kwa vigelegele, na jua lilipozama nyasi zilikuwa zimelala kama mkeka. Jumamosi tulicheza nyumbani, tukawafunga.

Lakini kabla watu hawajatawanyika ile Ijumaa, Mzee Ambakisye alimwambia Sekela, "Mwanangu, kiti ni chako. Na yale maneno waliyokusema, tuyaache yapoe."

Sekela hakushuka. Aliiacha mashine ingurume, akawatazama wote, fundi na mwenyekiti wakiwamo.

"Hapana, baba. Tuyamalize sasa hivi. Injini ikipoa huficha ugonjwa."

Mzee akavua kofia yake, akawa wa kwanza kumwomba radhi.