Ufunguo wa Bomba la Munyuni

Sogeeni karibu, ila msijinyooshe sana. Hadithi hii ina watu watatu na ufunguo mmoja, na nikifika mwisho ufunguo nitawaachia ninyi. Anayetaka kusinzia asinzie sasa, asije akasema baadaye hakusikia swali.

Kulikuwa na nchi yenye mafuta mengi chini ya ardhi na foleni ndefu za mafuta juu yake. Katika nchi hiyo kulikuwa na kijiji kiitwacho Munyuni, na mambo ya kijiji hicho yaliangukia mikononi mwa watu watatu wenye vipaji.

Wa kwanza alikuwa Bi Nyamwiza, na kipaji chake kilikuwa ulimi. Wanawake wa Munyuni hutengeneza chumvi kwa udongo. Huutandaza juu ya ardhi yenye chemchemi za maji moto, jua huukausha, chumvi hupanda, kisha udongo hukwanguliwa, huchujwa, na maji yake huchemshwa mpaka yakauke. Lakini kabla ya kukwangua, lazima mtu auonje, na Nyamwiza ndiye aliyewaonjea wote. Ungeweza kumfumba macho ukamwekea chembe ulimini, akakwambia imetoka shamba la nani na kama mwenye shamba alichelewa kuamka.

Wa pili alikuwa fundi Gwasa, na kipaji chake kilikuwa sikio. Alifanya kazi ya mabomba katika kampuni iliyochimba mafuta mlimani, juu ya kijiji. Aliegemeza kichwa cha spana kwenye bomba, mkia wa spana akauweka sikioni, akafumba macho. Wenzake walikuwa na mashine za kupimia. Mashine zikibishana na Gwasa, walizima mashine.

Wa tatu alikuwa Faraja Mbonde, na kipaji chake kilikuwa kumbukumbu. Huyu hakuwa mtu wa Munyuni. Alikuwa karani wa kamati ya nishati bungeni, katika mji mkuu, mwendo wa siku mbili kwa basi. Kifungu cha sheria alichokichapa mara moja hakikumtoka tena. Waheshimiwa hawakusumbuka kufungua majalada. Walimuuliza Faraja, kisha wakaenda kuongea kama watu waliosoma.

Sasa tuogope kidogo. Mafuta yakipanda kutoka chini hayaji peke yake. Huja na maji machafu, machungu, yenye hewa ya sumu inayonuka yai viza. Kampuni iliyarudisha maji hayo ardhini kwa bomba, na bomba lilipita juu ya mashamba ya chumvi na juu ya shule ya msingi. Bomba hilo likifungwa, kisima cha mafuta nacho hufungwa, na mtambo uliowasha taa za mji mkuu ulikula gesi ya kisima hicho hicho. Kwa hiyo gurudumu la kufungia liliwekwa ndani ya uzio, likalindwa kwa bunduki, na aliyeligusa bila amri alishtakiwa kwa kuhujumu uchumi. Watu wa Munyuni waliishi chini ya bomba hilo miaka sita, wakaizoea hofu yao. Kuzoea huko mimi nakuogopa kuliko bomba lenyewe.

Asubuhi moja Nyamwiza alionja udongo akakuta uchungu. Alionja shamba la pili, la tatu, uchungu ule ule. Huko Munyuni kuna mwiko: watu hawagombani katika mashamba ya chumvi, kwa sababu chumvi hukimbia ugomvi. Basi wanawake wakauliza nani amegombana, na jibu likapatikana upesi, maana jibu la namna hiyo halikosekani. Anjelina, mwali aliyeolewa kijijini mwaka huo, alikuwa amejibizana na mama mkwe wake kwa ajili ya chungu. Wakamfukuza mashambani. Wakafagia kila shamba kwa majani mabichi, wakatoa jogoo, wakasubiri. Nyamwiza naye alifagia. Siku tisa zikapita hivyo, na muda wote huo udongo ukazidi kuwa mchungu.

Siku ya kumi mbuzi saba walikunywa kwenye mfereji wakafa hapo hapo, midomo ikiwa bado majini. Nyamwiza aliwaona. Akaacha kufagia, akaanza kuonja kwa kupanda mlima: anaonja, anatema, anapanda. Uchungu ulipopungua alirudi nyuma, ulipozidi alisonga mbele. Kufika chini ya bomba, ulimi wake ulikuwa umevimba na kuchubuka, na tangu siku hiyo hajui tena tofauti ya sukari na majivu. Lakini aliteremka akiwa na neno la kuwaambia. “Si ugomvi,” alisema. “Ni bomba. Tumemwonea mtoto wa watu.”

Huo ndio mchango wa ulimi. Bila huo, hadi leo wangekuwa wanafagia.

Nyamwiza alikwenda kwenye uzio akamwita fundi Gwasa. Na Gwasa, wasikilizaji wangu, hakushtuka, kwa sababu alikuwa anajua. Siku kumi na moja kabla alikuwa amesikia mluzi ndani ya bomba. Alimweleza mkubwa wake, mkubwa akamwambia bunge linaandika upya sheria ya nishati, si wakati wa kuzungumzia mabomba, na je, fundi anawapenda wanawe watatu? Gwasa aliwapenda. Akanyamaza, akawa halali.

Alipouona mdomo wa Nyamwiza ulivyovimba alitoka nje ya lango bila ruhusa. Akaegemeza spana kwenye bomba, akasikiliza kona moja baada ya nyingine, mpaka kwenye kona iliyo juu ya shule. Hapo alikaa muda mrefu. Hatimaye akafumbua macho. Alisema bomba halivuji tu, linapasuka, na litapasukia pale pale, pengine kabla jua halijazama. Kisha akawaambia maneno ambayo kila mtoto wa Munyuni sasa anayajua kwa moyo.

“Mkisikia harufu ya yai viza, bado mna nafasi. Harufu ikikoma ghafla na hakuna aliyefunga bomba, msidhani imeondoka. Sumu imezidi, pua zimekufa. Kimbieni mlimani. Msishuke bondeni.”

Huo ndio mchango wa sikio. Bila huo, wangejua kuna ubaya wasijue uko wapi wala umebakiza saa ngapi.

Lakini lango lilikuwa limefungwa, na mlinzi alikuwa na bunduki yake, na wana wa kuhofia kama Gwasa. Kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji palikuwa na tangazo la bunge: mwananchi mwenye maoni kuhusu sheria mpya apige namba hii. Hakuna aliyewahi kuipiga. Gwasa akaipiga, na aliyepokea ni Faraja Mbonde.

Faraja alisikiliza mpaka mwisho. Katika sheria ya zamani kulikuwa na kifungu cha kumi na saba ambacho hata waliokitunga walishakisahau: bomba likiharibu maji ya kunywa, mwenyekiti wa kijiji anaweza kuamuru lifungwe, kwa barua yenye mhuri, na aliyelifunga hashtakiwi. Na Faraja alijua jambo la pili, lililokuwa siri ya kamati. Sheria mpya ilikifuta kifungu hicho. Ilikuwa itiwe sahihi siku hiyo hiyo saa tisa alasiri. Aliyeuchapa mstari wa kukifuta ni yeye mwenyewe, juma lililopita, akaona vibaya, akaendelea kuchapa.

Akafunga mlango wa ofisi. “Andikeni ninavyosema,” aliwaambia, “na mfanye haraka. Saa tisa ikifika, maneno haya hayana nguvu tena.” Akawasomea kifungu chote kutoka kichwani, neno kwa neno, mwenyekiti akaandika, mhuri ukagongwa mpaka meza ikacheza. Mlinzi aliisoma barua mara mbili, akafungua lango. Gwasa akalizungusha gurudumu saa nane na dakika arobaini. Kesho yake Faraja alifukuzwa kazi kwa kutoa siri, akahojiwa siku tatu katika chumba kisicho na dirisha, na mpaka leo mlango ukifungwa nyuma yake hushtuka.

Huo ndio mchango wa kumbukumbu. Bila huo, wangejua kila kitu wakafa nacho.

Walipolikagua bomba pale juu ya shule, fundi mmoja aliibonyeza kona kwa kidole, kidole kikapenya. Chini yake walikuwepo watoto mia mbili na kumi na wawili, ambao mwalimu wao alikataa kuwatoa bila amri, wakiimba jedwali la saba.

Msishangilie bado. Gurudumu lilipozungushwa, mji mkuu ulizimika. Jenereta ya hospitali kuu ilichelewa kuwaka dakika kumi na nne, na dakika zote hizo muuguzi mmoja alimsaidia mgonjwa kupumua kwa kuminya mfuko wa hewa kwa mikono yake, huku akilia. Mgonjwa alipona. Muuguzi aliandika barua Munyuni. Hakulaumu. Aliomba tu wamwambie, siku nyingine watafunga saa ngapi.

Bunge liliona aibu, na aibu ya wakubwa wakati mwingine huzaa sheria nzuri. Kifungu cha kumi na saba kilirudishwa kikiwa na meno. Sasa kila bomba linalopita juu ya maji ya watu liwe na gurudumu nje ya uzio, lifungwe kwa kufuli, na ufunguo wake uwe mmoja. Ukae kwa mtu mmoja aliyechaguliwa na mkutano wa kijiji. Akiamua kufunga, haombi ruhusa kwa mtu. Akifunga bure, giza la mji mkuu ni lake. Asipofunga, kaburi la kijiji ni lake.

Munyuni ikaitisha mkutano mchana kweupe, katika ghala la chumvi. Walikubaliana mapema: ufunguo ni heshima ya yule aliyewaokoa. Wakauweka juu ya mkeka, katikati. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimepeleka magunia, na nilikaa karibu na mlango kwa makusudi.

Nyamwiza alisema ufunguo ni wake, kwa kuwa yeye ndiye aliyeanza, na alilipa kwa ulimi wake. Gwasa alisema ni wake, kwa kuwa mkono uliofunga ulikuwa wake, na ndiye pekee anayeelewa bomba linasema nini. Faraja, aliyekuwa amesafiri siku mbili kuja, alisema hana kazi, hana pa kwenda, na kama si yeye pale pangekuwa na makaburi. Wote watatu walisema kweli. Watu waliitikia kwa kila mmoja, halafu wakaona aibu kwamba wameitikia mara tatu.

Ndipo Anjelina akasimama, yule mwali aliyefukuzwa. Alianza na Nyamwiza, akamwamkia kwanza. “Shikamoo mama. Ulimi wako ulituokoa, lakini siku tisa ulinisingizia mimi. Siku ukiogopa tena, ufunguo ukiwa mkononi, utamsingizia nani?” Akamgeukia Gwasa. “Fundi, sikio lako lilisikia, ukanyamaza siku kumi na moja. Wakikutajia tena wanao?” Akamgeukia Faraja. “Na wewe dada, ulikikumbuka kifungu. Ila wewe ndiye uliyekifuta. Sumu ikija haina barua, utasubiri barua?”

Nyamwiza alijifunika mdomo kwa khanga. Gwasa alikuwa anautazama ufunguo kama mtu anayetazama nyoka ndani ya nyumba, hajui kama aurukie au aukimbie.

Na hapo, wasikilizaji wangu, harufu ya yai viza ikaingia mlangoni. Kidogo tu. Kisima kilikuwa kimefunguliwa tena siku nne kabla, kwa bomba jipya. Lakini chemchemi za maji moto nazo hunuka hivyo hivyo upepo ukigeuka, tangu enzi za mababu. Watu wakamtazama Nyamwiza, na Nyamwiza hana ulimi tena. Wakamtazama Gwasa, akasema kusikiliza bomba kunataka robo saa. Wakamtazama Faraja, akasema kwa sauti ndogo kwamba saa hizi hospitali kuu wako kwenye upasuaji.

Tukakaa tukinusa. Watu wazima zaidi ya mia, tunanusa. Niliogopa hadi nikasahau magunia yangu.

Kisha Anjelina akasema, polepole, “Mbona harufu imekoma?”

Hakuna aliyekuwa amefunga kitu. Labda upepo uligeuka. Labda pua zetu zilikuwa zimekufa. Mikono mitatu ikanyooka kuelekea kwenye mkeka, ikasimama hewani, kila mmoja akisubiri tumwambie kwamba ni yeye.

Msiniulize kilichofuata. Nawauliza ninyi kabla hakijafuata, kama tulivyoulizwa sisi, na hamna muda zaidi ya tuliokuwa nao. Ufunguo ni mmoja na uko pale mkekani. Ulimi ulioonja, sikio lililosikia, kumbukumbu iliyofungua lango: je, wewe ungeuweka mkononi mwa nani?