Kwa Nini Mgeni wa Lindenau Hufikishwa Kwanza Ng'ambo

Kunyweni chai, wageni wetu, mpumzishe miguu. Naona mshenga wenu bado amekunja uso, na simlaumu. Mmetoka mbali kuja kuposa, mkamkuta mkamwana wangu pale kwenye bwawa anafua, mkamwuliza nyumba ya Bibi Lindenau wa Lindenau iko wapi. Yeye kwangu anapaona kwa macho yake. Lakini alikausha mikono, akawateremsha bondeni hadi Lindenau ile ya chini, kwa Babu Lindenau, mkalishwa makande mpaka mkakataa, ndipo mkapandishwa mlima wote huu kuja hapa. Mmedhani mnafanyiwa mzaha. Hapana. Mngeulizia kule chini, mngeletwa kwangu kwanza. Na kwa kuwa binti mnayemtaka naye anaitwa Lindenau, ni vizuri mjue mambo haya kabla hamjataja ng'ombe.

Zamani mlima huu haukuwa na jina la kugombewa. Palikuwa na ndiva, bwawa letu hilo la kumwagilia, lililochimbwa na watu ambao hata babu zetu hawakuwaona. Waliokaa juu yake waliitwa watu wa juu ya ndiva, waliokaa chini waliitwa watu wa chini ya ndiva. Ilitosha. Walioana, walisaidiana kuzibua mifereji, na mgeni akipotea njia alioneshwa na yeyote aliyekutana naye.

Kisha akaja Mjerumani mmoja, akalima kahawa huku juu. Jina lake Lindenau. Akajenga nyumba ya mawe, akaliita shamba kwa jina lake mwenyewe, kama wafanyavyo watu wanaopenda kujisikia wakiitwa. Vita ilipokuja aliondoka, na hakuna aliyemwona tena. Nyumba ikaanguka, mawe yakaenda kwenye misingi ya majiko ya watu. Kahawa ikabaki, na jina likabaki.

Sasa, jina hilo likawa na utamu wake. Sokoni, mtu akisema kahawa hii ni ya Lindenau, wanunuzi waliacha magunia mengine wakamfuata. Watu wa juu wakaanza kutembea kifua mbele. Hawakusema tena wanatoka juu ya ndiva. Mwanamke wa huku alikuwa anaweza kununua kibiriti tu, lakini atahakikisha duka zima limejua anatoka Lindenau.

Watu wa chini wakaona gere. Niseme ukweli, walikuwa na sababu. Mawe ya ile nyumba waliyabeba wao, kwa vichwa vyao, kutoka mtoni. Miche ya kwanza ya kahawa waliimwagilia wao. Ila shamba lilikuwa juu, basi sifa zikakaa juu. Wivu uliwala taratibu, kikao hadi kikao, hata siku moja wakaamka wakajiita Lindenau na wao. Walipofika sokoni na magunia yao wakalitamka jina bila hata kupepesa macho.

Huku juu watu walikasirika kama walioibiwa mbuzi. Lakini jina utalifungia zizi gani? Mmoja akaja na shauri kwamba mtu yeyote akiulizwa kuhusu Lindenau, asiseme kamwe "Lindenau ya juu". Kutamka "ya juu" ni kukubali kwamba iko ya chini. Aseme Lindenau tu, basi. Watu wa chini waliposikia hayo wakaweka amri hiyohiyo kwao. Ikawa vijiji viwili vinatazamana, kila kimoja kinaapa kwamba mwenzake hayupo.

Walikuwako ndugu wawili wa tumbo moja, Nanzia mkubwa na Nakijwa mdogo. Nanzia aliolewa chini. Nakijwa aliolewa huku juu, na Senzighe, mwenye kahawa nyingi. Tangu utotoni Nanzia alikuwa akimwonea mdogo wake wivu. Mdogo alikuwa mwepesi wa kucheka, na mama yao alikuwa akimwita jikoni yeye kwanza. Mambo madogo hayo. Lakini mtoto huyahesabu, na akikua hayasahau. Kila Nakijwa alipopita bwawani na kanga mpya, Nanzia alihisi kama ile kanga imekatwa kutoka mwilini mwake.

Nanzia akapata mtoto wa kiume. Akamwita Lindenau. Hakuna aliyewahi kumpa mtoto jina hilo, lilikuwa la mahali tu. Huku juu ilikuwa kelele. Wakasema wale wa chini sasa wanazaa ushahidi. Nakijwa, ambaye mwenyewe alikuwa na mimba changa, alimfuata dada yake bwawani.

"Dada, jina hilo nilikuwa nimemwekea wangu. Ulijua."

"Nilijua," Nanzia akajibu. "Kila kitu ulitangulia kukipata wewe. Hiki nimekutangulia mimi."

Nakijwa akachukua mtungi wake akaondoka bila kuujaza. Hawakuongea tena miezi yote iliyofuata. Mimba ya mdogo ikakua, na Nanzia alikuwa akiitazama kutoka ng'ambo ya maji, huku akimnyonyesha mwanawe, bila kuuliza hali.

Siku uchungu ulipomshika Nakijwa, mambo hayakwenda vizuri. Mtoto alikaa vibaya. Wanawake wa huku wakajaribu wanayoyajua, wakashindwa, wakasema aitwe Bibi Namcharo. Huyo alikuwa mkunga wa bonde la pili, mikono yake ilisifika milima yote hii. Senzighe akamtuma ndugu yake, akakimbia. Akamkuta mkunga anamalizia kwa mzazi mwingine.

"Tangulia," Bibi Namcharo akamwambia. "Nikikata kitovu hapa nakuja. Kwenu ni wapi?"

"Lindenau," akajibu yule ndugu.

Mkunga akamwuliza tena, Lindenau gani, maana aliwahi kusikia ziko mbili. Na yule mtu, mke wa kaka yake yuko kwenye uchungu, aliona heri aulinde ugomvi wa kijiji. Akasema, "Lindenau ni moja tu, bibi." Akageuka akarudi mbio kutoa habari kwamba mkunga yuko njiani. Nawaomba mlikumbuke hilo, maana watu wa huku hupenda kuanzia hadithi hii kwa Nanzia.

Bibi Namcharo akafika kwenye njia panda ya bwawa, jua likiwa kali. Nanzia alikuwa pale anachota maji, mtoto mgongoni. Mkunga akamsalimu, akamwambia ameitwa kwa mzazi, akauliza Lindenau ni wapi.

Nanzia alijua. Kule kwao chini hakukuwa na mwanamke aliyekaribia kuzaa, na mdogo wake alikuwa amemwona juzi tu, akitembea kwa kushika kiuno. Alijua kabisa mkunga huyu anakwenda kwa nani. Lakini ndani yake ule wivu wa zamani ulisimama ukamtangulia kinywani. Yeye alipojifungua, hakuna aliyemwitia Bibi Namcharo. Alizaa na mama mkwe wake, akakemewa kwa kupiga kelele. Nakijwa ndiye wa kuitiwa mkunga kutoka bonde la pili! Nanzia hakutaka mtu afe. Hilo aliapa mpaka uzeeni, nami namwamini. Alitaka wangoje kidogo tu. Alitaka kesho sokoni isemwe kwamba mkunga mkubwa aliulizia Lindenau, akafikia chini.

"Ni hapa," akasema. "Karibu, mama."

Akamchukulia mkoba, akamteremsha. Akamkalisha kivulini, akampa uji. Wanawake wa chini wakajaa kumwamkia, kila mmoja na sifa zake za kijiji, na mkunga akawajibu kwa adabu huku anaangaza macho. Alipouliza mzazi yuko chumba gani, Nanzia akamwambia bado, uchungu umetulia, amalizie uji kwanza.

Ndipo pembe ikalia huku juu. Kwetu pembe haipulizwi ovyo. Ni moto, au ni kifo kinachokuja. Bibi Namcharo akaweka kibuyu chini akamtazama Nanzia usoni. Alisimama akashika mkoba wake, akaanza kupanda, na Nanzia akamfuata nyuma anakimbia, mtoto anarukaruka mgongoni, analia.

Walipoingia, mtoto alikuwa ametoka, mzima, wa kike. Lakini Nakijwa alikuwa anavuja damu, na wanawake walikuwa wamekosa la kufanya. Mkunga akapiga magoti, akafanya kazi aliyoijua yote. Baadaye alisema angewahi kabla mtoto hajatoka, angemgeuza, na mama asingechanika. Aliyasema hayo mara moja tu.

Nakijwa akafungua macho akamwona dada yake mlangoni, anahema, vumbi limemjaa miguuni, na mkunga mbele yake. Akacheka kidogo. Bado alikuwa mwepesi wa kucheka.

"Dada," akasema. "Umemleta mwenyewe."

Akamshika mkono. Hakuuachia mpaka roho ilipotoka.

Nanzia angeweza kunyamaza. Watu wote walikuwa wamesikia lile neno la shukrani, na huku juu walishaanza kumsifu kwamba damu ni damu, amesahau ugomvi akamkimbilia mdogo wake. Mkunga alikuwa amekwisha kwenda zake na hakumtaja mtu. Lakini siku ya mazishi, vijiji vyote viwili vikiwa vimekusanyika, Nanzia alisimama mbele ya kaburi. Alisema, "Niliulizwa Lindenau ni wapi. Nikasema ni hapa. Nilijua si hapo. Kijicho ndicho kilichosema." Kisha akakaa chini kwenye udongo akangoja wamfanye watakavyo.

Vijana wa juu walikuwa tayari kwa fimbo. Senzighe, baba yangu, ndiye aliyewazuia. Alimwita ndugu yake aliyetumwa, akamtaka aeleze mbele za watu alivyomjibu mkunga. Ndugu akaeleza. Hapo hakuna aliyebaki na fimbo yenye nguvu. Wazee wa chini walitazama miguu yao, na wa juu wakatazama miguu yao, kwa sababu wote waliitunga ile amri na wote waliifundisha kwa watoto.

Baba akaninyanyua mimi, maana ndimi mtoto yule aliyezaliwa, akaniweka mikononi mwa Nanzia. "Una maziwa," akamwambia. "Mnyonyeshe. Na jina lake ni lile mama yake alilolitaka. Kama liko kwako, liko na hapa pia." Wazee wakakubaliana palepale makaburini kwamba hakuna mtu wa Lindenau yoyote atakayemwambia mgeni "ni hapa". Kinywa kilichoua hakitaaminiwa tena kwa kazi hiyo. Mgeni atashikwa mkono, afikishwe kwanza ng'ambo, kwa wale unaowaonea wivu, aulize kama kuna anayemngoja huko. Kama hayupo, wao ndio watakaomrudisha kwako. Na anayebeba mgonjwa, au aliye mkunga, hatembezwi. Huyo huulizwa "nani anakungoja?" kisha watu wanakimbia naye.

Basi nikakua kule chini, nyumbani kwa mama mkubwa Nanzia, na yule kaka yangu, mtoto Lindenau wa kwanza. Tulinyonya ziwa moja. Mnadhani wivu uliishia kaburini? Kaka aliniona mimi ndiye napewa kipande cha nyama, mimi ndiye nabembelezwa nikilia, kwa sababu mama yake alikuwa analipia kosa lake kwa kila kijiko. Aliniminya tukiwa peke yetu, hata leo kwenye mkono huu pana kovu. Nami nilimwonea yeye kijicho kibaya zaidi. Mama aliyekuwa akituita jikoni alikuwa mama yake. Wangu alikuwa juu, chini ya mawe. Mara nyingine nilimtazama Nanzia akichanganya makande nikatamani nimchukie, nikashindwa, kwa kuwa sikuwa na mwingine. Nilipoolewa nilirudi huku kwenye ardhi ya baba, na kaka akabaki chini. Leo amewalisha makande mpaka mkakataa, sivyo? Anafanya makusudi, ili mkifika kwangu msile. Mzee yule bado ana wivu.

Mwaka mmoja alikuja Mjerumani kijana, mpole, anauliza habari za babu wa babu yake. Naye jina Lindenau. Alituambia huko kwao vijiji vya jina hilo ni vingi, na watu wenye jina hilo ni wengi zaidi, hata hawajuani. Tukamwuliza waligombania vipi. Hakuelewa swali. Tulimteremsha chini, tukampandisha juu, akaenda zake na malengelenge.

Na tangu siku hiyo ya mazishi, hivi ndivyo ilivyo. Ndiyo maana Lindenau ziko mbili na hakuna anayezibishia, na mtoto akipewa jina hilo upande mmoja, upande wa pili nao humtafuta wa kwao wa kumpa. Ndiyo maana mgeni wetu hachelewi kushiba na hakosi kuchoka. Binti yetu mkimchukua, atawasumbua na tabia hii; mkimwuliza chochote ni cha nani, atawataja kwanza wenzake.

Mimi mwenyewe ni bikizee, na nikiulizwa kwangu ni wapi mkono wangu bado huanza kule bondeni, kwenye migomba ile mnayoiona, alikolazwa Nanzia aliyemchelewesha mkunga wangu na kuninyonyesha. Halafu ndipo unarudi hapa nyuma ya nyumba, kwa Nakijwa aliyenizaa, aliyekufa akimshukuru.