Flashi ya Semboja

Kuzima si kulala. Mmemsikia shangazi yenu akimwambia Hiza maneno hayo leo, Hiza alipojigamba kwamba ugomvi wake na dada yake umekwisha, kwa kuwa dada mtu hasemi tena. Mnataka kujua yalikotoka. Methali hii ilianza hivi, hapahapa Korogwe, zama zile za picha za filamu, mtu alipovaa nguo zake za Idi akaenda studio kupigwa picha moja ya kutunza maisha yake yote.

Semboja alikuwa mpiga picha. Studio yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba aliyoishi na mkewe, Mwajabu. Watu walimpenda kwa sababu hakuwaharakisha. Akija mzee, alimnyoosha kola; akija mtoto, alimsubiri amalize kulia.

Mama yake Mwajabu alipougua akawa hatoki chumbani, Mwajabu alimwomba mumewe ampige picha. Chumba kile kilikuwa na giza, nayo flashi, ile taa ya kamera, ilikuwa mbovu, haiwaki. Semboja aliahidi kuitengeneza. Lakini wateja wa mchana hawakuihitaji, akawa anasema wiki ijayo, wiki ijayo, hata mama akafariki bila kuacha picha yoyote.

Mwajabu hakumlaumu. Baada ya msiba alirudi kwenye kazi zake, akimwitikia mumewe kwa upole uleule. Ila nyimbo alizozoea kuimba akifua zilikoma. Semboja alikiona kimya kile akashukuru moyoni, akidhani yamekwisha.

Ndipo alipoalikwa kupiga picha harusi ya usiku, akaiteremsha flashi toka rafuni. Fundi aliyemfunza kazi alikuwa amemwonya zamani kwamba ndani ya flashi mna kapasita, kidude kama kopo dogo, kinachoweka umeme hata betri zikishatoka. Siku hiyo alikuwa na haraka. Alitia betri mpya, akabonyeza, haikuwaka. Akazitoa, akajiambia kuwa kitu kisichowaka hakina umeme, akafungua kasha kwa bisibisi na kuingiza vidole.

Mlio ulipasuka kama mjeledi. Semboja akaanguka pamoja na kigoda chake.

Mwajabu alikuja mbio, akamkuta ameketi sakafuni, ncha ya kidole imeungua. Alileta maji, akawa anayamimina taratibu juu ya kidole.

“Betri nilishazitoa,” Semboja alisema. “Nilidhani imelala.”

“Ulidhani imelala kwa sababu imezima,” Mwajabu akamjibu, bila kuacha kumimina. “Hata mimi, baba, ulidhani nimelala.”

Hapo ndipo aliposema yote. Kila asubuhi mama yake alikuwa akitaka kusukwa nywele, kwa maana huenda mkwe angekuja leo na kamera. Alisukwa hivyo hadi siku ya mwisho. Semboja hakujitetea. Alisikiliza mpaka mkewe akamaliza, kisha akamwomba radhi, na wote wawili wakalia.

Kesho yake, mkewe akiwa ameketi karibu, aliianza kazi upya. Alihakikisha betri hazimo. Akachukua balbu ya nyumbani yenye nyaya mbili, akizishika penye mpira tu, akazigusisha kwenye miguu ya kapasita. Balbu ilimulika mara moja, ikafifia. Akapima kwa mita, akaona umeme umekwisha, na hapo tu ndipo alipotia mkono. Kumbe ubovu ulikuwa waya mmoja ulioliwa na kutu. Akaulehemu, akafunga kasha, flashi ikawaka.

Mtu wa kwanza kupigwa picha kwa mwanga ule alikuwa Mwajabu, chumbani mwa marehemu, ameketi ukingoni mwa kitanda. Watu walizoea kusema amechukua uso wa mama yake. Semboja hakumwambia atabasamu.

Picha ile ilitundikwa studio miaka mingi. Walioiulizia walisimuliwa, nao wakayabeba maneno hadi majumbani kwao. Na kila walipokuja mume na mke kupigwa picha, wakaketi wamenuniana bila kusemezana, Semboja aliiteremsha kamera, akavuta kiti.

“Semeni kwanza,” aliwaambia, “picha itangoja. Kuzima si kulala.”