Mtoto wa Sange na Daftari la Mfuko wa Tiba

Siku ya Jumatano, tarehe 9 Juni 1971, saa tatu na robo asubuhi, Bibi Mwanamvua binti Salimu Sekibaha, mkunga mstaafu, aliwasimulia ngano hii wagonjwa waliokuwa wakingoja zamu yao kwenye benchi la zahanati. Niliinukuu siku hiyohiyo kwa kalamu ya wino, nami naiandika hapa kwa utaratibu ule ule alioufuata yeye.

Alianza kwa kuuliza:

"Mpo?"

"Tupo!"

"Masikio mmekuja nayo?"

"Yako wazi!"

"Basi ngano inapita, ipisheni."

"Ipite, tuione!"

Palikuwa na Bonde, na ndani ya Bonde palikuwa na wanyama, na wanyama walikuwa wakiugua. Aliugua mkubwa, aliugua mdogo. Ndipo katika mwaka wa pili baada ya Ukame Mkuu, mwezi wa tatu, siku ya kumi na moja, ukaundwa Mfuko wa Tiba. Kila nyumba ilete kibuyu kimoja cha asali kila mwezi. Magome yote ya dawa yabanduliwe, yachemshwe kwa asali hiyo, yawekwe katika sanduku moja kubwa. Na mgonjwa wa nyumba yoyote atibiwe. Lilikuwa jambo jema. Nasema lilikuwa jambo jema, maana wapo wanaopenda kusema kwamba halikuwa.

Mtunza sanduku alichaguliwa Kiboko, kwa sababu akikalia kitu hakuna wa kumwinua. Karani alichaguliwa Kobe, kwa sababu hakuwahi kukosea. Kobe aliandika kwa ukucha juu ya magamba ya mti: kwaru, kwaru, kwaru. Mwendo wake ulikuwa wa pole, lakini alichokiandika hakikufutwa na mvua wala machozi.

Miaka miwili ikapita. Kiboko akaitisha baraza. Akapanua kinywa, pwaaa! Ndege wakaruka mitini.

"Ndugu wananchi wa Bonde," akasema, "Mfuko unafanyiwa marekebisho. La kwanza: atakayechelewa kuleta kibuyu ataleta viwili. Hicho cha pili ni faini, na faini ni ya mtunza sanduku, kwa usumbufu anaoupata. La pili: asiye na malisho ya kudumu atalipa mwaka mzima kwa mkupuo, kwani mtu wa kuokota hajulikani kesho ataokota wapi. La tatu: mwenye deni hatibiwi."

Ngiri akainua pembe zake. "Mzee Kiboko, nauliza tu. Aliyekosa kibuyu kimoja, hicho cha pili atakitoa wapi?"

"Atakitafuta."

"Angejua kilipo, si angeanza na kile cha kwanza?"

Wanyama wakacheka. Kiboko hakucheka.

"Wewe Ngiri hupiga magoti ukila. Piga magoti na ukisikiliza."

Hapo akasimama Sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu na miguu kama njiti, ambaye ukimwona mara moja humwoni mara ya pili. Alikuwa mjane. Mkewe alikufa katika Ukame Mkuu, akamwachia binti mmoja aitwaye Chausiku.

"Mzee wangu," akasema Sange, "mimi nala mchwa. Mchwa wa leo nawala leo. Mchwa wa mwezi wa kumi na mbili bado hawajazaliwa. Nitawageuzaje kuwa asali?"

"Sheria ni sheria," akasema Kiboko.

Ikapigwa kura. Tembo, Nyati na Twiga, wenye malisho ya kudumu, wakainua vichwa. Vichwa vyao vilionekana. Wadogo nao wakainua vyao, lakini majani yalikuwa marefu. Kobe akaandika: imepitishwa. Kwaru, kwaru, kwaru.

Toka siku hiyo mchango uliingia sandukuni, na faini iliingia kinywani mwa Kiboko. Akanenepa. Akaanza kuwapenda wachelewaji kuliko walipaji.

Sange alitakiwa vibuyu kumi na viwili. Alihangaika na nyuki, akavimba pua, akapata vinne. Vinane vilivyobaki vikageuka kumi na sita.

Siku ya Jumatatu, Chausiku akashikwa na homa. Kho, kho. Sange akakimbia, tiki-tiki-tiki, mpaka kwenye sanduku.

"Mzee Kiboko, mwanangu anaumwa."

"Pole. Unadaiwa."

Jumanne homa ikapanda. Kho, kho, kho. Sange akakimbia, tiki-tiki-tiki, akiwa na kibuyu kimoja mgongoni.

"Mzee Kiboko, mwanangu anaumwa sana. Nimeleta hiki."

"Ahsante," akasema Kiboko, akakinywa. "Hiki ni cha faini. Bado unadaiwa."

Jumatano Chausiku hakukohoa tena kwa nguvu. Alipumua tu, kama anayepuliza moto asiotaka uwake. Sange akakimbia, tiki-tiki-tiki, akaanguka, akainuka.

"Mzee Kiboko, mwanangu anakufa."

"Akifa, njoo useme," akasema Kiboko. "Tutakuja kuzika. Sisi si wanyama wabaya."

Sange akarudi nyumbani polepole. Na katika kurudi polepole, ambako hakukuzoea, akawaza. Akaikumbuka mila ya Bonde, iliyo kongwe kuliko Mfuko. Mila inasema: maiti haingii kaburini na deni. Mfiwa husimama akauliza nani anamdai marehemu. Mdai akisamehe, maiti huzikwa. Mdai akikataa, matanga huhamia nyumbani kwake, naye huwalisha waombolezaji wote mpaka siku atakayosamehe.

Alhamisi, jua likichomoza, Sange alikata jani la mgomba.

"Chausiku mwanangu, leo nitakufunika jani hili. Ulale kimya. Usikohoe."

"Ni mchezo, baba?"

"Ni mchezo."

"Nani atashinda?"

"Utashinda wewe."

Akamfunika. Kisha akatoka nje kumlilia mtoto aliye hai. Bibi Mwanamvua alisema kwamba hakuna kazi nzito kama hiyo, kwa kuwa mwanzoni hulii kweli, na katikati huwezi tena kujizuia.

Mama Kanga alifika wa kwanza. Huyo ndiye aliyewaongoza waliaji katika misiba yote ya Bonde. "Kwekwekwee! Ua limekatika! Kwekwekwee!" Wakaja wote. Akaja Tembo, akaja Nyati, akaja Ngiri na ukoo mzima. Kobe akaja na daftari lake la magamba, akalitafuta jina la Chausiku binti Sange, akalipiga mstari. Kwaru.

Wakambeba mpaka kaburini. Sange akasimama.

"Mwenye kumdai marehemu, na aseme."

Pwaaa!

"Namdai mimi," akasema Kiboko. "Nyumba yake ina deni la vibuyu, pamoja na faini."

"Unasamehe, Mzee?"

"Faini haisamehewi. Sheria ni sheria."

"Na mila ni mila," akasema Sange, akainama kwa adabu. "Ndugu zangu, mmesikia. Chukueni mikeka. Matanga yanahamia kwa Mzee Kiboko. Mzee Tembo, wewe hula kiasi gani kwa siku?"

"Nikiwa na huzuni?" akauliza Tembo. "Hula zaidi."

"Na mimi nina watoto wanane," akasema Ngiri. "Wote wana huzuni."

Kiboko akamtazama Tembo. Akamtazama Nyati. Akayatazama majani yote ya ukingo wa mto wake.

"Nimesamehe!" akapiga kelele. "Nimesamehe mchango, nimesamehe faini, nimesamehe nyumba nzima!"

"Mmeshuhudia?"

"Tumeshuhudia!"

Hapo Sange akalifunua jani la mgomba. Chausiku akafumbua macho, akapumua. Wanyama wakaruka nyuma. Mama Kanga akaanguka juu ya Ngiri.

"Nyumba yangu haina deni," akasema Sange. "Mpeni mwanangu dawa."

Wakacheka, wakashangilia, wakampiga Kiboko maneno: "Mzee umepigwa! Umepigwa na kipua!" Kiboko alitaka kukanusha, lakini neno lilikwisha kutoka.

"Mpe dawa, Karani," akasema kwa sauti ya chini.

Kobe akafungua daftari. Akasoma. Akasoma tena.

"Siwezi."

"Kwa nini?" akauliza Sange.

"Chausiku binti Sange amefutwa leo asubuhi kwa sababu ya kifo. Mfuko hauwatibu wafu."

"Lakini unamwona! Yu hai!"

"Namwona," akasema Kobe, na sauti yake haikuwa ya ubaya. "Lakini jina lililofutwa hurudishwa na baraza, na baraza hukaa mwezi ukiandama. Zimebaki siku kumi na tisa."

Ndipo Kiboko alipocheka. Hohohooo! Maji ya mto yakatikisika.

Chausiku akauliza kwa sauti ndogo, "Baba, nimekufa?"

"Hapana, mwanangu. Umefutwa tu."

Sange akasimama katikati ya kicheko kile. Jua lilikuwa limepanda. Akauliza, "Karani, mtoto aliyezaliwa leo anadaiwa?"

Kobe akatafuta. "Mtoto mchanga hutibiwa bure mwezi wake wa kwanza. Kifungu cha sita."

"Basi Chausiku amekufa, Mungu amrehemu, na deni lake limesamehewa. Huyu mnayemwona amezaliwa leo asubuhi chini ya jani la mgomba, mbele yenu nyote. Nani aliyemwona kabla ya jani kufunuliwa?"

Wanyama wakatazamana.

"Mimi sikumwona," akasema Ngiri upesi.

"Hata mimi," akasema Mama Kanga. "Naona ni mchanga kabisa. Mtazameni pua."

Kicheko cha Kiboko kikakatika kama kamba. Kobe akachukua gamba jipya. Kwaru, kwaru.

"Jina la mtoto?"

"Salama."

"Jina la baba?"

"Sange."

"Jina la mama?"

Sange akamtaja mkewe.

"Huyo alikufa katika Ukame Mkuu," akasema Kobe. "Marehemu hazai."

Sange akasema, "Andika hajulikani."

Kwaru. Kwaru. Kwaru. Kobe hakufanya haraka, kwa sababu hakuwahi kufanya haraka, na hakufanya ajizi, kwa sababu hakuwahi kufanya ajizi. Aliandika kila herufi mahali pake. Mimi ninayeinukuu ngano hii, niliyekuwa karani kwa miaka thelathini na mmoja, siwezi kumlaumu, na hilo ndilo jambo ninalolijutia.

Alipomaliza, wakamlaza mtoto kando ya kaburi, chini ya jani lake, wakaenda mpaka kwenye sanduku, na Kiboko, aliyekuwa amewahi kulikalia, akalazimika kuondoka juu yake. Akaondoka mbele ya wadogo wote, wakimzomea mpaka majini. Ndiyo maana hata leo kiboko hushinda mtoni, akiacha pua tu nje, kwa aibu.

Sange akapewa kibuyu cha dawa. Akakimbia, tiki-tiki-tiki, mpaka penye jani la mgomba.

"Salama, amka unywe."

Kimya.

"Salama, mama, tumeshinda."

Kimya.

Akaliweka chini lile jina jipya. "Chausiku?"

Jani halikutikisika. Pua ndogo ilikuwa imepoa, na asali ya dawa ikamwagika majanini, ikaliwa na sisimizi wasiodaiwa na mtu.

Sange akalia. Waliokuwa mbali wakacheka, wakidhani ni hila ya tatu. Ngiri akasogea, akatazama, akapiga magoti, ingawa hapakuwa na chakula. Ndipo wote wakajua. Mama Kanga akafungua kinywa kuomboleza, na sauti haikutoka. Alikuwa ameimaliza asubuhi.

Kobe akaja. Akaandika: Salama binti Sange, amezaliwa Alhamisi, amekufa Alhamisi. Kwaru.

Wakamlaza katika kaburi lile lile, maana lilikuwa limekwisha kuchimbwa. Sange akasimama, akauliza kama mila itakavyo:

"Mwenye kumdai marehemu, na aseme."

Hakuna aliyesema. Katika Bonde lote, tangu marekebisho, huyo ndiye wa kwanza kuzikwa bila deni.

Tangu siku ile Sange husafisha njia. Ukiingia msituni utaiona: njia nyembamba, haina jani, haina kijiti, kutoka nyumbani kwake mpaka palipokuwa na sanduku. Kila asubuhi huifagia kwa miguu ya mbele, kisha huikimbia yote, tiki-tiki-tiki, akipima kama imekuwa fupi.

Bibi Mwanamvua akajifunga kanga yake vizuri, kisha akatoa funzo. "Funzo la ngano hii," alisema, "ni kwamba raia mwema huugua kwa utaratibu. Kwanza hulipa. Kisha huuliza kama vitabu viko sawa. Kisha ndipo huruhusu homa iingie. Wala asifanye hila, maana hila huwachosha makarani. Ngano nimeitua. Mwenye bega aibebe."

"Tumeibeba," wakajibu wa benchini, na mmoja wao hakujibu, kwa sababu alikuwa amembeba mtoto.

Sina budi kumalizia kwa sahihisho. Bwana Hizza Mntambo, aliyekuwa mpima mazao, huisimulia ngano hii matangani tangu mwaka 1988, naye husema kwamba Sange alifiwa na watoto wawili siku moja, Chausiku na Salama, na kwamba ndivyo daftari la Kobe linavyoonyesha. Ni kweli kwamba daftari linaonyesha hivyo. Lakini Bwana Hizza amekosea. Sange alikuwa na mtoto mmoja tu.