Blanketi la Bibi Semida

Anayechemka havikwi blanketi. Mmemsikia mama yenu akiwaambia hivyo wale waliomzunguka kijana mwenye hasira kiwanjani, wakimtia maneno ya “una haki, una haki,” nanyi mmeniuliza neno hilo limetoka wapi. Mimi nililikuta Itundu, milimani Ukinga, ambako asubuhi za Juni maji hushika barafu ndooni. Methali hii ilianza hivi.

Kijiji kilikuwa na gari moja kuukuu, lililopakwa rangi kwa brashi, na dereva mmoja, Lwitiko Tweve. Kabla ya gari hilo wagonjwa walibebwa kwa machela, na si wote waliofika. Ndiyo maana lilipendwa kama mtu. Bibi Semida akalishonea blanketi la sufu, akalifunga kwa kamba mbele, kwenye pua ya gari.

“Chombo kinachotuokoa kitalalaje pua wazi kwenye baridi hii?” alisema.

Lwitiko akacheka, akaliacha hapohapo hata safarini. Tena aliona lina faida, maana asubuhi injini ilipata moto upesi.

Basi gari likaanza kuchemka. Mteremkoni halina neno. Likishika mlima wa Nyamwele, mshale wa joto unapanda na boneti inafuka mvuke. Lwitiko akabadilisha mpira wa maji. Akakaza mkanda wa feni. Akasafisha ndani ya rejeta, lile tangi la mbele linalopoza maji ya injini, mpaka maji yakatoka meupe. Wapi! Watu wakaanza kunong'ona kwamba limezeeka, liuzwe chuma chakavu, machela zitolewe darini. Bibi Semida alikuwa na dawa yake: “Hiyo homa. Homa hutolewa kwa jasho.” Akashona tabaka la pili.

Siku moja Twilumba, mjukuu wake, akashikwa na uchungu. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Mkunga akasema hospitali, tena sasa hivi. Lwitiko akawapakia Twilumba na Bibi, wakaondoka. Katikati ya Nyamwele mshale ukagonga mwisho. Lwitiko akazima injini.

“Umeona?” Bibi akasema. “Baridi imeliingia. Lifunike kwa shuka langu.”

Kichwa cha Lwitiko kilikuwa ndani ya boneti. Maji hayavuji, mkanda umekaza, feni ilikuwa ikizunguka. Inavuta hewa, lakini inaivuta kutoka wapi?

Nyuma, Bibi akamfunika mjukuu wake mpaka kidevuni. Twilumba akalitupa shuka.

“Niondolee, Bibi! Nawaka moto nawe unanifunika? Niache nipate hewa!”

Lwitiko akainua kichwa polepole. Akamtazama Twilumba, akatazama pua ya gari. Utamwambiaje bibi wa umri ule kwamba zawadi yake ndiyo ugonjwa?

“Bibi, shikamoo.”

“Umenisalimu tangu asubuhi. Sema!”

“Gari nalo linasema hayohayo ya mjukuu wako.”

Bibi akashuka, akaingiza kiganja chini ya blanketi, akakichomoa haraka akikipuliza.

“Kumbe nalinyonga mimi! Na wewe Tweve, macho umepewa ya nini? Lete kisu!”

Akakata kamba mwenyewe. Upepo wa Nyamwele ukaingia kwenye rejeta ukipiga mluzi. Wakasubiri, na kusubiri huko kulikuwa kugumu kuliko mlima. Injini ilipopoa, Lwitiko akafungua kifuniko kwa kitambaa, akaongeza maji kidogokidogo, akawasha.

Likapanda. Kona ya kwanza, mshale umetulia. Kona ya pili, umetulia. Bibi alikuwa akipiga mlango kwa kiganja kizima: “Panda, baba! Panda, mwanaume!” Twilumba akacheka katikati ya uchungu. Kileleni Lwitiko akabana honi asiiachie, na huko chini Itundu, ambako watu walikuwa wameliona gari limesimama wakaanza kushusha machela, vigelegele vikapasuka nyumba kwa nyumba.

Mtoto alizaliwa hospitalini, wa kiume, sauti kama honi. Bibi Semida akamviringisha kwenye lile blanketi la sufu, bado linanuka injini. “Huyu sasa,” akasema, “ndiye mwenye baridi.”

Kwa hiyo kijana wenu wa kiwanjani, mpisheni apigwe na upepo kwanza. Anayechemka havikwi blanketi.