Bi Pua na Glasi Tatu za Mzee

Ziko methali ambazo watu huzitamka upesi kwa sababu hawajawahi kuzitenda. "Papo kwa papo kamba hukata jiwe" ni mojawapo. Maana yake ni kwamba jambo gumu hulegea mbele ya mtu anayelirudia bila kukata tamaa, kama kamba ya kisimani inavyochimba mfereji kwenye ukingo wa jiwe kwa kupita palepale kila siku. Hata mtoto wa shule ataieleza hivyo na kupata alama zake. Lakini methali haituambii kamba huumia vipi siku ile ambayo imeshapita mara nyingi na jiwe bado halina hata mkwaruzo. Aliyelijua hilo ni Bi Pua.

Bi Pua hakupewa jina hilo na wazazi wake. Alilipata kazini, katika kiwanda kidogo cha bia kilichokuwa zamani karakana ya magari, ambako yeye alikuwa muonjaji. Watu wa nje waliionea kijicho kazi yake. "Kulipwa ili unywe!" walisema, wakimeza mate. Hawakujua kwamba muonjaji hanywi. Ulimi wenyewe, Bi Pua alizoea kuwaambia, ni mshamba: unajua tamu, chungu, chachu na chumvi, basi. Mengine yote ni kazi ya pua. Na pua yake ilikuwa ya ajabu. Aliweza kupita mlangoni mwa stoo akasema pipa fulani limeanza kuharibika kabla mtu hajalifungua.

Kiwandani hapo palipikwa bia nyepesi za kila siku, lakini fahari ya kiwanda ilikuwa bia moja nzito waliyoiita Mzee. Mzee hupikwa kwa shayiri nyingi na maji kidogo, na ukali wake hukaribia ule wa mvinyo. Ndiyo maana wenye utaalamu huiita mvinyo wa shayiri, ijapokuwa haijawahi kukutana na zabibu hata njiani. Hulazwa kwenye mapipa ya mbao mpaka iive. Ikitolewa mapema hunuka gundi na kuchoma koo; ikicheleweshwa hupooza na kunuka boksi lililolowa. Siku ya kumtoa Mzee haikujulikana kwa kalenda. Ilijulikana kwa pua ya mtu mmoja, na kiwanda kizima kilimsubiri mtu huyo aseme.

Basi mwaka mmoja Bi Pua akashikwa na homa kali. Ilimlaza, ikamtikisa, kisha ikaondoka. Alipopata nafuu aliketi jikoni akikunja nguo, mgongo wake umeelekea jiko, wakati mama mkwe wake alipoingia mbio kutoka uani huku ameziba pua.

"Mwanangu! Maziwa yanaungua, harufu imefika mpaka uani, na wewe umekaa tu?"

Bi Pua aligeuka. Sufuria ilikuwa nyeusi tititi. Aliinama juu yake akavuta pumzi, akavuta tena, akasogea mpaka mvuke ukamchoma uso. Hakusikia harufu yoyote. Alikaa chini sakafuni akalia, na mama mkwe, ambaye hakuwa mtu wa kubembeleza, alizima jiko na kukaa sakafuni pamoja naye.

Aliporudi kazini hakuficha. Alimwendea mwenye kiwanda, mtu wa maneno machache ambaye wote walimwita Bosi, akamweleza. Bosi alimpa jaribio la waonjaji: glasi tatu mezani, mbili zimejazwa kutoka pipa moja, moja kutoka pipa jingine. Kazi ni kuitaja iliyo tofauti. Bi Pua alinusa, akaonja, akataja. Alikosa. Wakarudia. Akakosa tena.

"Nitakwambia ukweli," Bosi alisema. "Kiwanda hakiwezi kukaa bila pua. Lakini wewe ndiye uliyemjenga Mzee. Mzee wa mwaka huu akikaribia kuiva, nitakupa jaribio hili mara moja tu. Ukipata, kiti chako ni chako. Ukikosa, nitamleta mtu mwingine, nawe utatafuta kazi kwingine. Kwa sasa, kaoshe chupa."

Bi Pua akaenda kuosha chupa. Wafanyakazi wenzake, kwa kumhurumia, wakaacha kumwita Bi Pua, wakaanza kumwita "dada". Huruma hiyo ilimkera kuliko maji ya baridi.

Mtunza stoo wa kiwanda alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe. Mume mwenyewe alikuwa dereva wa lori la safari ndefu, leo hapa kesho kule, na nyumba ilibaki mikononi mwa hao watatu: mama mkwe, shemeji na Bi Pua. Ndiye Bi Pua aliyemwombea shemeji kazi, na kijana huyo hakulisahau hilo.

"Shemeji, kwa nini unajitesa?" alimwambia siku moja mbele ya masinki. "Mzee unamjua kwa moyo. Siku ikifika sema yale yale ya mwaka jana. Tende, asali, sijui ganda la chungwa. Nani atakubishia? Hawa wote wananusa kama mawe."

"Na pipa likiwa limeharibika?"

"Utakuwa na bahati mbaya."

"Watakuwa na bahati mbaya wale watakaokunywa," alisema Bi Pua. "Hapana, shemeji. Nikidanganya pipa moja nitadanganya yote. Pua yangu itarudi."

Alilisema hilo kwa ukaidi, si kwa uhakika. Daktari alikuwa amemwambia kwamba pua huweza kufundishwa upya, kama mtoto anavyofundishwa herufi: harufu chache, zile zile, asubuhi na jioni, bila kuruka siku. Hakumwahidi kitu. Bi Pua aliyachukua maneno hayo kama yalivyo.

Mwalimu wake akawa mama mkwe. Hapo watu wengi wangecheka, na mimi siwazuii, kwa maana bibi huyo hakuwahi kutia tone la pombe mdomoni na hakumaliza wiki bila kuilaani. Lakini alichukia zaidi kuona kitu cha nyumbani kwake kimekaa bure, hata kama kitu hicho ni pua. Alitafuta vikopo, akatia karafuu kwenye kimoja, ganda la limau kwenye kingine, kahawa, sabuni ya kipande, kisha akavifunika kwa kitambaa na kumfumba macho mkazamwana wake.

"Hiki nini?"

"Sijui, mama."

"Hiki?"

"Sijui."

"Ala! Hata sabuni? Haya, funga mdomo, vuta tena. Sijaacha mboga jikoni nije kusikia 'sijui'."

Ikawa hivyo asubuhi na jioni. Sijui, sijui, sijui. Chupa zilioshwa, mvua zikaja zikaisha, na vikopo vikawa kama vimejaa hewa tupu. Halafu asubuhi moja Bi Pua alifunuliwa kopo la kahawa, akaruka nyuma na kukimbilia karo. Alitapika. Kahawa ilikuwa imenuka mpira unaoungua. Jioni limau likanuka kitu kilichooza, na karafuu ikawa mbaya kuliko vyote. Kwa siku nyingi kila chakula kilimnukia uvundo, akakonda, na hatimaye akavisukuma vikopo mbali.

"Basi, mama. Afadhali nisinuse kitu kuliko kunusa hivi. Nimeshindwa."

Mama mkwe alivikusanya vikopo kimoja kimoja, akavipanga tena mbele yake.

"Harufu mbaya nayo ni harufu, mwanangu. Mwezi uliopita hata hiyo hukuwa nayo. Kitu kinagonga mlango kwa fujo, na wewe unataka kukifungia nje? Vuta."

Bi Pua alivuta. Alivuta huku machozi yakimtoka, ameuma meno, amekunja ngumi mapajani. Alivuta kesho yake na kesho kutwa. Mpira ukapungua. Siku moja chini ya mpira akasikia kitu chembamba, kikali, cha kijani: limau. Kilikaa kidogo kikatoweka, lakini alikijua. Tangu hapo hakuzungumza tena habari za kushindwa.

Siku ya Mzee ikafika. Chumba cha kuonjea kilikuwa na meza moja, dirisha moja na taa nyeupe. Bosi alimwagiza shemeji ajaze glasi huko stoo, peke yake, mbili za Mzee wa mwaka huu na moja ya mwaka jana iliyohifadhiwa chupani, kisha azilete. Mjazaji tu ndiye angejua ipi ni ipi. Shemeji alipoziweka mezani, alimwinamia Bi Pua akamnong'oneza, "Usiogope. Leo huwezi kukosa." Bi Pua alidhani anamtia moyo tu.

Hakuonja mara moja. Aliiinua glasi ya kwanza kwenye mwanga: nyekundu iliyokaribia kahawia, kama chai ya rangi iliyosahauliwa kwenye birika. Aliizungusha, akaangalia bia inavyotambaa taratibu ikishuka ukutani mwa glasi. Kisha akaikumbatia kwa viganja viwili, kwa sababu Mzee akitoka kwenye baridi hufunga mdomo. Ni lazima umpashe kidogo ndipo aanze kuzungumza. Bosi aliangalia saa yake. Bi Pua hakumjali.

Alipoinamisha pua, kwanza ilikuja sukari iliyoungua. Nyuma yake tende. Nyuma ya tende asali nzito, na chini kabisa, kwa mbali, mbao za pipa. Akachukua funda dogo akaliacha litembee. Utamu ulitangulia, uchungu ukaufuata na kuusafisha, kisha joto likashuka kifuani polepole na kukaa. Furaha ilimjaa. Pua yake ilikuwa imerudi, na hakuona haya kufurahi.

Akachukua glasi ya pili. Sukari, tende, asali, mbao. Akachukua ya tatu. Sukari, tende, asali, mbao.

Furaha ikamkauka. Alirudia ya kwanza, akarudia ya pili, akanywa maji, akarudia ya tatu. Iko wapi iliyo tofauti? Huenda pua yake ilirudi nusu tu, ya kumfurahisha lakini isiyoweza kazi. Angeweza kubahatisha. Akitaja moja kati ya tatu angeweza kupata, na hakuna ambaye angejua. Alikaa na wazo hilo kwa muda, kisha akaziweka glasi chini.

"Bosi, hakuna iliyo tofauti."

"Sijakuuliza hivyo. Nimekuuliza ipi."

"Nami nakujibu: hakuna. Zote tatu zimetoka pipa moja."

"Nimeagiza mwenyewe bia mbili tofauti. Unanisikia? Jibu hili likiwa kosa, kesho huna kazi hapa."

"Nimekusikia. Sikuwepo stoo, bosi. Najua ninachonusa tu. Hili ni pipa moja. Kama pua hii inanidanganya, basi hata mimi sikitaki tena kiti hicho."

"Shemeji, taja yoyote!" Shemeji alishindwa kujizuia, jasho likimtiririka. "Nakuomba, taja yoyote tu!"

Bosi akageuka taratibu. "Yoyote?"

Shemeji aliangalia sakafu, akaangalia dirisha, akakosa pa kukimbilia.

"Zote ni za mwaka huu, bosi. Nilizijaza pipa moja makusudi. Nilisema atakayoitaja, nitasema ndiyo hiyo. Amenisaidia sana huyu. Sikutaka afukuzwe."

Bi Pua alimtazama kwa hasira na upendo kwa pamoja. "Kumbe ulikuwa hunisaidii, shemeji. Ulikuwa unanizika, ila kwa upole."

Bosi alizisukuma kando glasi zile tatu. Alichukua glasi safi, akaenda stoo mwenyewe, akarudi na tatu nyingine. Bi Pua alizipasha viganjani bila haraka. Ya kwanza akaiweka kando. Ya pili akaiweka kando. Alipofikia ya tatu alitabasamu kabla hata ya kuionja.

"Huyu ni wa mwaka jana. Tende zimegeuka zabibu kavu, na ukali umetulia."

"Ndiye," alisema Bosi. Kisha akamwambia shemeji, "Wewe, kuanzia kesho utaosha chupa mpaka ujifunze kwamba bia na watu havichakachuliwi." Akamgeukia Bi Pua tena, akavuta kiti, akakaa mbele yake kama mtu anayesubiri kuambiwa. "Na wa mwaka huu? Tumfungue au tumwache?"

Bi Pua alichukua funda moja zaidi, si la jaribio tena bali la kazi yake, akalimeza na kungoja joto lifike chini.

"Ameiva," alisema. "Fungueni."

Na mapipa yakafunguliwa kwa neno la pua ambayo mwanzoni mwa mwaka haikusikia hata maziwa yakiungua. Papo kwa papo, kamba hukata jiwe.