Watoto Watatu wa Fisi

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Mnaniamini?"

"Bado!"

"Vizuri. Basi tegeni masikio."

Hapo kale ukame ulimaliza malisho, ikabidi wanyama waende mbali kutafuta majani. Watoto wataachiwa nani? Fisi akaja na mkakati wake.

"Niachieni mimi," akasema. "Nimeshajaribiwa. Nilishinda na watoto watatu kutwa, na wote watatu wakarudi wazima."

Wanyama wakapiga makofi, pwa, pwa, pwa. Mzee Nyati, mwenyekiti wao, akasema ushahidi umetosha.

Bi Pimbi hakupiga makofi. Alikuwa na mtoto mmoja tu, naye angeachwa kwa Fisi kesho yake. Akajiuliza: Mbona Fisi mpole ghafla? Mbona mate yanamtoka, choro, choro?

"Mzee wangu," akasema, "watatu ni wachache. Tumjaribu na wengi."

"Wengi kiasi gani?" akauliza Fisi, masikio yamemsimama.

"Mpaka kibanda kijae. Nitawaleta mwenyewe, ndani ya vikapu vyenye vifuniko, wasije wakaogopa."

"Mimi sina neno," akasema Fisi, akimeza mate.

Pimbi akaenda mbio kwa shoga yake Nungunungu, mwenye ukoo mkubwa. Vikapu vikajaa, kibanda kikajaa. Kisha Pimbi akajibanza nyuma ya ukuta, akasikiliza.

Fisi akatazama. Huku vikapu, kule vikapu. "Wakiwa watatu, akipungua mmoja watajua," akajisemea. "Hawa wote, nani atajua?" Akaizima tamaa, ikawaka. Akaizima, ikawaka. Mwishowe akafunua kikapu kimoja, akafumba macho, akauma, ngwa!

Chomo! Chomo! Chomo!

"Uwii, mdomo wangu!"

Akatoka mbio, miiba imemjaa puani, akapita katikati ya baraza lote bila hata salamu.

Mzee Nyati akakohoa. "Lakini si alifaulu yule?"

"Alifaulu, mzee wangu," akasema Pimbi, akimfunga mwanawe mgongoni. "Kwa watatu."

Hadithi yangu imefika mlangoni. Aliyeamini aingie, mwenye shaka achungulie kwanza. Na funzo lake, wanangu, ni hili: mkitaka kuishi kwa raha na jirani, mjaribuni kidogo tu. Mkimjaribu sana, mtamjua.